Tulikwenda jangwani na kandambili, tukakuta barafu

Nilipofungasha mizigo ya safari ya Oman mwishoni mwa Desemba, niliweka nguo nyepesi tupu. Kwangu neno jangwa lilikuwa na maana moja tu: jua, mchanga, ngamia na jasho. Mwanangu wa miaka tisa nilimwekea fulana sita, kaptula nne, suruali mbili na kandambili mpya. Sweta lake la shule nililiacha kabatini, Tanga. Nilijisemea moyoni, "Jangwani sweta la nini?"

Siku ya kumi ya safari, usiku, tukiwa juu ya mlima katika nchi hiyo hiyo ya jangwa, nilikuwa nimempakata ndani ya gari, nimemviringishia mablanketi matatu, nambembeleza anywe chai. Midomo ilikuwa imepauka. Vidole vyake vilishindwa kushika kikombe. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na kila nikimuuliza swali alichelewa kujibu, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mzazi mwenzangu, nakusimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunawafundisha watoto kwamba jangwa ni joto, na hilo ni nusu tu ya habari. Pili, mwanangu alifika katika hali ile kwa kosa langu, na kosa lenyewe halikuwa sweta peke yake.

Kupanda mlima wa jua

Dada yangu ameolewa Muscat. Mumewe ni miongoni mwa Waoman wengi ambao wazazi wao waliishi Zanzibar, wakarudi huko miaka ya 1970, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho lugha ya jikoni, ya utani na ya kugombeza watoto. Kwa hiyo tulipofika hatukujiona wageni. Asubuhi chai na mandazi, jioni baraza, na mwanangu alipata binamu wa kucheza nao mpira.

Muscat yenyewe, mwezi huo, hali ya hewa ni ya kupendeza. Mchana nyuzijoto 25 hivi, usiku unajifunika shuka. Nilijipongeza kwa kufungasha vizuri.

Kisha shemeji akasema, "Kesho kutwa tunakwenda Jebel Shams, tutalala huko. Shem, mtoto ana nguo za baridi?" Nikacheka. Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwamba sisi tumetoka Tanga, joto la jangwani haliwezi kutushinda. Naye hakusema zaidi, ila asubuhi ya safari niliona anapakia mablanketi mengi nyuma ya gari. Hata hapo sikuelewa.

Kutoka Muscat barabara inaelekea bara, inapita Nizwa, mji wa zamani wenye ngome ya mviringo na mashamba ya mitende yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaj. Nchi ni kavu. Milima ya Hajar imesimama mitupu, rangi ya kahawia na kijivu, haina majani hata ya kufunika jiwe. Baada ya Al Hamra unafika Wadi Ghul, unaona magofu ya kijiji cha kale yamekwama kwenye ubavu wa mlima kama viota vya mbayuwayu. Kutoka hapo barabara inaanza kupanda kwa kona kali, na masikio yanaziba.

Jebel Shams maana yake ni mlima wa jua. Kilele chake kina urefu wa mita 3,000 hivi, ni kirefu kuliko vyote Oman. Kilele chenyewe ni eneo la jeshi. Wageni wengi huishia kwenye uwanda wa juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, palipo na ukingo wa korongo la Wadi Nakhr. Ukisimama pale ukatazama chini, miguu inalegea. Ni ukuta wa mwamba unaoshuka karibu kilomita moja, na huko chini nyumba zinaonekana kama vibiriti.

Kuna mbuzi, kuna akina mama na watoto wanaouza mazulia na bangili za sufi, na kuna miti ya mireteni iliyopinda kwa upepo. Mwanangu alikimbia huku na huko akipiga picha kwa simu yangu. Saa kumi jioni jua lilikuwa bado kali usoni. Nikamwambia dada, "Hii ndiyo baridi mliyokuwa mnanitishia?" Dada akanitazama tu.

Jua likatua, kila kitu kikabadilika

Sijawahi kuona joto linavyoondoka haraka namna ile. Kwetu pwani jua likizama, joto linabaki. Kuta zinatoa joto, hewa ina unyevu, unalala unapepewa na feni. Pale juu, jua lilipojificha nyuma ya mlima, ilikuwa kana kwamba mtu amefungua mlango wa friji kubwa. Baada ya nusu saa nilikuwa nimejitanda kanga mbili juu ya baibui. Kipimo kwenye dashibodi ya gari kilisoma nyuzijoto 7, baadaye 4, baadaye 2.

Wanaume wakasimamisha mahema. Sisi tukawa tunatayarisha chakula. Watoto walikwenda kunawa miguu kwenye dumu la maji nyuma ya gari. Waliporudi walikaa kula, na mimi sikutazama kwa makini.

Aliyeona ni shemeji. Aliona mwanangu anaangusha mkate mara ya pili, na kwamba hapigi kelele kama wenzake. Akamshika mguu. Suruali ilikuwa imelowa tangu magotini hadi chini, na kandambili zimejaa maji. Dumu lilikuwa limempindukia.

Nikapayuka, "Mbona hukusema?"

Akanijibu polepole, meno yakigongana, "Utanigombeza."

Mzazi mwenzangu, neno lile lilinichoma kuliko baridi. Mchana ule ule nilikuwa nimemfokea mbele ya binamu zake kwa kuchafua suruali ya kwanza. Nilimwambia kwamba akiharibu na hii, hana nyingine. Kwa hiyo alipolowa, alifanya hesabu yake ya kitoto: afadhali kutetemeka kimya kuliko kufokewa tena. Alikaa na maji yale karibu saa nzima, katika nyuzijoto 2, na upepo unavuma.

Shemeji hakupoteza muda kunilaumu. Alimvua nguo zote za maji, akamkausha kwa taulo, akamvalisha nguo za binamu yake, soksi pea mbili na kofia ya sufi. Akaniambia nimpakate kifuani ndani ya gari, akawasha hita. Dada akaleta chai ya tangawizi yenye sukari, ya uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Mmoja wetu alitaka kumsugua mikono na miguu kwa nguvu, shemeji akakataza. Mwingine akapendekeza tuingize jiko la mkaa ndani ya hema. Hapo shemeji alipandisha sauti kwa mara ya kwanza: "Hapana! Mkaa ndani ya hema unaua watu usingizini."

Baada ya muda kutetemeka kulipungua, rangi ikarudi midomoni, akaomba chai nyingine. Alipoanza kubishana na binamu yake kuhusu nani alale katikati, nilijua amepona. Nilikaa macho karibu usiku mzima hata hivyo, nikimsikiliza anavyopumua.

Alfajiri tulipotoka, beseni tulilonawia usiku lilikuwa na kigae chembamba cha barafu juu yake, chepesi kama kioo cha taa. Mawe yalikuwa meupe kwa sakitu, ule umande unaoganda. Mwanangu alikivunja kile kigae kwa kidole, akakiweka mdomoni kabla sijamzuia. Kisha akauliza swali ambalo lilitufuata safari nzima ya kurudi: "Mama, kumbe jangwani kuna barafu?"

Kwa nini jangwa linapoa hivyo?

Jibu tulilopata kwa shemeji, na ambalo baadaye nililisoma kwa kina, ni rahisi ukilieleza kwa mfano wa blanketi.

Mchana jua hupasha ardhi joto. Usiku ardhi hulirudisha joto hilo juu angani. Kwetu pwani kuna mawingu na hewa yenye unyevu mwingi, na unyevu huo ni kama blanketi, unazuia sehemu ya joto lisitoroke. Jangwani hewa ni kavu na mbingu ni nyeupe haina wingu. Blanketi hakuna. Joto la mchana kutwa linapanda juu na kupotea.

Ukiongeza urefu wa mlima, baridi inazidi. Kadiri unavyopanda, kila mita 1,000 hewa hupungua nyuzijoto 6 au zaidi. Ndiyo maana Muscat tulikuwa na fulana, na saa chache tu kutoka pale maji yaliganda. Mbingu ikiwa safi na kavu, maji yaliyo kwenye chombo kipana yanaweza hata kuganda wakati hewa yenyewe bado iko juu kidogo ya sifuri, kwa sababu yanapoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani.

Watu wa Uajemi, nchi tunayoiita Iran leo, waliligundua hilo zamani sana. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita walianza kujenga nyumba za barafu katikati ya nchi kame, zinaitwa yakhchal. Ni kuba kubwa la udongo lenye kuta nene, na shimo refu ndani. Nje walichimba vidimbwi vya maji vya kina kifupi, wakavijengea ukuta wa kuvikinga na jua. Usiku wa majira ya baridi maji yaliganda, alfajiri wakavunja barafu na kuitia shimoni. Kiangazi kilipofika, watu wa jangwani walikunywa maji ya baridi bila umeme wowote. Mwanangu alipenda habari hii kuliko zote. Kwa wiki nzima alitaka tujenge moja Tanga. Nilimweleza kwamba Tanga blanketi letu ni zito mno.

Barafu ipo, theluji je?

Kuganda kwa maji ni jambo moja. Theluji kuanguka kutoka mawinguni ni jambo jingine, kwa sababu inahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, baridi na unyevu. Jangwa lina baridi ya kutosha, ila unyevu ni haba. Jangwa lenyewe linatambuliwa kwa ukavu wake, wala si kwa joto. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka mzima. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000.

Hata hivyo, baadhi ya miaka mawingu kutoka upande wa bahari ya Mediterania na Ghuba hufika Oman wakati wa baridi, na Jebel Shams hupata theluji. Bibi, mama yake shemeji, ambaye alizaliwa Unguja na sasa anaishi karibu na Nizwa, alituambia kwamba habari ikienea watu hupanda na magari kutoka mjini kwenda kuiona, na wengine hurudi na donge juu ya boneti ili majirani waamini. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda. "Mimi picha ya simu inanitosha," alisema. "Mwaka wa kwanza nilipofika huku kutoka Unguja nililia kwa baridi ya uwandani, seuze huko juu."

Si Oman peke yake. Katika Falme za Kiarabu, theluji ilianguka mlima Jebel Jais, Ras al Khaimah, Januari 2009. Kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia, mkoa wa Tabuk, kuna mlima Jabal al-Lawz wenye zaidi ya mita 2,500. Huko theluji huonekana mara nyingi majira ya baridi, na familia huenda kupiga picha na kunywa kahawa.

Bila shaka umewahi kutumiwa picha za mchanga mwekundu wa Sahara uliofunikwa weupe. Nyingi hupigwa pembeni mwa mji mdogo wa Algeria unaoitwa Aïn Sefra. Mji huo uko mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na milima ya Atlas, na watu huuita lango la jangwa. Hewa ya baridi inayotoka kaskazini ikivuka Mediterania hubeba unyevu, na siku moja moja hufika hapo ikiwa bado na kitu cha kuangusha. Iliangusha Desemba 2016, ikaangusha tena Januari 2018 na Januari 2021. Theluji huwa haikai. Jua likipanda, inayeyuka na mchanga unarudi rangi yake.

Kwa hiyo ukitumiwa picha hiyo kwenye kundi la familia na maneno kwamba haya hayajawahi kutokea tangu dunia iumbwe, usiisambaze hivyo. Kusini mwa Algeria theluji iliripotiwa hata Februari 1979. Na picha moja ya theluji Sahara haithibitishi wala haikanushi kwamba dunia inazidi joto. Hali ya hewa ya siku moja ni kitu kimoja. Tabianchi hupimwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30.

Jangwa ambalo theluji ni maisha

Kuna majangwa ambako theluji si jambo la kupigiwa picha. Gobi, lililoko Mongolia na China, ni jangwa la baridi. Majira ya kiangazi joto linaweza kufika nyuzijoto 40, na majira ya baridi likashuka hadi 40 chini ya sifuri. Ngamia wa huko ana nundu mbili na manyoya marefu anayoyapukutisha kila baridi inapokwisha. Wafugaji huishi katika mahema ya mviringo yaliyokandikwa kwa sufi nzito.

Wafugaji hao wana neno, dzud, kwa msimu wa baridi unaoua mifugo kwa wingi. Dzud nyeupe ni theluji nene inayofunika majani hadi mnyama hawezi kuyafikia. Kuna dzud inayotokea theluji ikiyeyuka kidogo na kuganda tena, ardhi ikawa kama imefungwa kwa bati. Na kuna dzud nyeusi, ambayo inatokea theluji isipoanguka kabisa. Hiyo nayo inaua, kwa sababu visima na mito vimeganda, na mifugo hutegemea kulamba theluji ili kupata maji. Fikiria mfugaji anayeomba theluji ije, lakini isizidi.

Msimu wa baridi wa mwaka 2023 kuingia 2024, Mongolia ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 7. Nchi nzima ina watu milioni 3 na nusu hivi. Kwa familia ya wafugaji, kondoo na farasi ni chakula, ni usafiri, ni karo ya shule ya mtoto. Mzazi wa Kimasai au wa Kisukuma aliyewahi kupoteza zizi kwa ukame anaelewa bila kuelezwa.

Na jangwa kubwa kuliko yote duniani halina mchanga mwingi wala ngamia. Ni Antaktika, kilomita za mraba zipatazo milioni 14, wakati Sahara ina milioni 9 hivi. Limejaa barafu, lakini kinachoanguka kutoka mbinguni kwa mwaka ni kidogo mno. Barafu ile imerundikana kwa muda mrefu sana kwa sababu haiyeyuki.

Baridi yao ni joto letu

Jambo moja zaidi lilinishangaza niliporudi, na nadhani kila mzazi wa pwani anaweza kumwonyesha mtoto wake bila kununua tiketi ya ndege.

Kila Desemba hadi Machi tunapata upepo wa kaskazi. Upepo huo unavuma kwa sababu bara la Asia limepoa. Hewa ya baridi ni nzito, inatuama juu ya nchi kavu, huko Mongolia na Siberia baridi ikiwa kali kuliko kwingine, kisha hewa inasukumwa kuelekea baharini ambako kuna joto. Ikipita juu ya bahari inapata joto, na inapotufikia Tanga, Mombasa na Unguja sisi tunatoka jasho. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalikuja kwetu miaka mingi kwa upepo huo, yakangoja kusi yarudi. Kwa maneno mengine, baridi ya nchi kavu za Asia ndiyo iliyokuwa ikijaza matanga.

Hata maneno yetu yamekuja na majahazi hayo. Fungua kamusi uone. Theluji inatokana na neno la Kiarabu, thalj. Barafu inatokana na neno la Kiajemi, barf, ambalo kwao ni theluji. Lugha yetu ilichukua maneno haya mawili kutoka kwa watu wa nchi za jangwa. Walikuwa wanazijua theluji na barafu tangu zamani, nasi tukaendelea kudhani kwamba kwao ni jua tu.

Kabla hujafungasha

Kama unampeleka mtoto nchi za Ghuba, Misri au popote penye jangwa kati ya Desemba na Februari, usiulize tu joto la mchana. Uliza la usiku, na uliza kama mtapanda mlima. Weka sweta, koti la kuzuia upepo, soksi, viatu vya kufunika, kofia, na nguo moja kamili ya akiba ambayo haiguswi hadi ihitajike. Nguo kadhaa nyepesi zilizopangwa moja juu ya nyingine zinafaa kuliko moja nzito.

Jifunze dalili. Mtoto aliyepoa mwili hutetemeka, huangusha vitu, huongea kwa kukokota, hukaa kimya isivyo kawaida yake. Mvue nguo za maji, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, mpakate, mpe kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari kama yu macho na anameza vizuri. Usimsugue, na usimtie kwenye maji ya moto. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, mkimbize hospitali.

Na mkaa usiingizwe mahali palipofungwa, iwe hema la Oman au chumba cha Makete na Njombe mwezi wa Julai, ambako sakitu tunayo wenyewe. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki.

Hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi ukabandika mlangoni. Lile la mwisho haliandikiki. Usiku ule kulikuwa na mablanketi mengi nyuma ya gari, chai ilikuwa jikoni, na watu wazima watano walikaa hatua chache kutoka kwa mwanangu. Alichokosa ni ujasiri wa kuniambia mimi, mama yake, kwamba amelowa.

Tangu turudi tumewekeana ahadi. Akilowa, akiumia, akivunja kitu, akipoteza pesa, aje aseme kwanza, na mimi nitashughulikia kwanza, maneno baadaye. Sijafaulu kila mara. Wiki iliyopita alikuja na viatu vya shule vilivyojaa tope, akasimama mlangoni, akanitazama usoni kabla ya kuingia. Nilimeza mate, nikamwambia avue, akaoge, kisha tutaviosha pamoja.

Nje kaskazi ilikuwa inavuma. Akiwa anasugua kiatu, akaniuliza kama upepo ule umepita kwa Bibi.

Nikamwambia huenda umepita.